Bukama: Bandari ya Bara na Msafiri wa Siku Moja

Historia ya safari katika Afrika ya Mashariki na Kati imeandikwa zaidi kwa kuzitazama bandari za pwani. Tunafahamu jinsi abiria wa meli kubwa walivyoshuka Mombasa au Unguja asubuhi, wakazungushwa mjini, wakanunua vitu vya ukumbusho, na kurejea melini kabla ya magharibi. Bara nako kulikuwa na mahali pa kushuka kwa muda mfupi. Makala hii inakusudia kuichunguza bandari mojawapo ya bara, yaani Bukama, iliyoko kando ya mto Lualaba katika jimbo ambalo leo huitwa Haut-Lomami na ambalo makao yake makuu ni Kamina. Swali letu ni hili: msafiri aliyepita hapo aliona nini, na ni nani waliomwona yeye?

Reli kutoka kusini ilifika Bukama mwaka 1918. Kuanzia hapo Lualaba hupitika kwa meli hadi Kongolo, mwendo wa zaidi ya kilomita 600. Meli za mto huo ziliendeshwa na CFL, kampuni iliyoundwa mwaka 1902, ambayo reli yake kutoka Kabalo hadi Albertville, yaani Kalemie ya leo, ilikamilika mwaka 1915. Kwa hiyo, abiria aliyeteremka melini Cape Town aliweza kupanda gari la moshi hadi Bukama, akashika meli ya mto hadi Kabalo, akaendelea kwa reli hadi Albertville, akavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, na mwishowe akafika Dar es Salaam kwa reli ya kati. Katika mlolongo huo mrefu, Bukama ilikuwa kiungo kisichoweza kurukwa. Ilimlazimu kila mmoja kushuka, mizigo ihamishwe, na meli ingojewe.

Kwa mgeni wa namna hiyo, Bukama haikuwa mwisho wa safari, bali mahali pa kungojea. Mwenye saa chache huona yaliyo mbele ya macho yake: gati, bohari, mto mpana, na wachukuzi wakiinama chini ya masanduku. Meli ilipoondoka, ilimpitisha katika bonde la Upemba, penye maziwa na mafunjo yasiyo na mwisho, naye angeweza kuamini kwamba anapita katika nchi isiyo na historia.

Imani hiyo ilikanushwa na ardhi yenyewe. Mwaka 1957 na 1958, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimbua makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, na kuanzia miaka ya 1970 Pierre de Maret aliiendeleza kazi hiyo. Yalipatikana vyungu vya ufundi mkubwa, vyombo vya chuma na mapambo ya shaba, vya watu walioishi hapo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Zilipatikana pia kauri. Hizo ni simbi za bahari. Ni dhahiri basi kwamba bidhaa za pwani zilikwisha kufika Kisale, zikipita mkono kwa mkono, karne nyingi kabla ya meli ya kwanza ya moshi. Abiria aliyejiona kuwa wa kwanza kuiunganisha nchi ile na bahari alikuwa akipita juu ya njia ya zamani sana.

Upande wa pili ni wale waliomwona msafiri. Bukama ndipo reli ya Katanga ilipokutana na mto uendao Maniema. Kwa mtazamo wa lugha, makutano hayo si madogo, kwani Kiswahili cha migodi na reli kilikabiliana hapo na Kingwana cha mtoni, katika nchi ya wasemaji wa Kiluba. Johannes Fabian, katika utafiti wake wa mwaka 1986, ameonyesha jinsi Kiswahili cha Kongo kilivyotumiwa na serikali ya kikoloni, wamisheni na waajiri kama chombo cha kuamrisha. Lakini chombo hicho hakikubaki mikononi mwa wenye kuamrisha peke yao. Mwaka 1965 André Yav alikusanya, kwa Kiswahili cha Katanga, historia ya mji wa Elisabethville kwa niaba ya watumishi wa nyumbani. Humo mtumishi ndiye anayemsimulia bwana. Wachukuzi, wakata kuni na mabaharia wa Lualaba nao wanastahili kusomwa kwa jicho hilo.

Kilichoiondolea Bukama wageni wake ni Kamina. Mwaka 1928 ilikamilika reli kutoka Bukama hadi Port-Francqui, yaani Ilebo, na Kamina ikawa kituo kimojawapo cha njia hiyo. Kisha mwaka 1956 reli ya Kamina hadi Kabalo ilifunguliwa. Tangu hapo msafiri wa kwenda Ziwa Tanganyika hakuhitaji tena kushuka mtoni. Alibadili njia Kamina na kuendelea juu ya vyuma. Bukama ikabaki na mto wake, wavuvi wake na samaki wake wakavu.

Athari ya mabadiliko hayo kwa utafiti ni kubwa. Msafiri aliacha vitabu, picha na barua, ambazo zimehifadhiwa katika maktaba za Ulaya. Mchukuzi aliacha masimulizi. Kijana aliyebeba masanduku gatini kabla ya mwaka 1956 sasa amekwisha kupita umri wa miaka 80. Hivyo basi, wanafunzi wa Kamina na Lubumbashi, ambao wengi wao wana babu waliofanya kazi relini au mtoni, wana wajibu ambao hauwezi kuahirishwa: kuwaendea wazee hao, kuyarekodi maneno yao katika Kiswahili kile kile wanachokisema, bila kukisahihisha, na kuyaweka kando ya vitabu vya wageni. Hapo ndipo siku moja ya Bukama itakapoweza kusimuliwa kwa pande zake zote mbili.