"Badilisheni mazao": mambo yaliyokwisha kujaribiwa kati ya Ruiru na Thika

Uzi huu ni mrefu kidogo, chukua chai. Ama kahawa, kama wewe ni mmoja wa wale Wakenya wachache wanaoinywa.

Kila msimu wa kampeni kuna sentensi mbili ambazo lazima uzisikie ukiishi huku Thika Road. Ya kwanza: "Wakulima wetu waache kutegemea zao moja." Ya pili: "Lazima tuongeze thamani." Umati unapiga makofi. Mrengo huu unasema hivyo, mrengo ule unasema hivyo hivyo, halafu huku mtandaoni watu wanatukanana kana kwamba wanabishania vitu viwili tofauti. Sitaji mtu wala chama, kwa hivyo msianze kuniuliza niko upande gani. Nataka tu tuzipitishe sentensi hizi mbili katika historia ya sehemu moja, Ruiru hadi Thika na vilima vilivyo nyuma yake, maana karibu kila kitu kinachopendekezwa leo kilishajaribiwa hapa.

Msimamo wangu niuseme mapema ndiyo usiseme nimekuficha. Eneo hili halijawahi kukosa mazao mapya. Kilichokosekana ni mkulima mdogo kuwa na usemi: apande nini, ang'oe nini, na pesa ziingie mfuko wa nani.

Tuanze na mkonge. Mmea huu uliletwa Tanganyika kutoka Florida mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf, na mwanzoni mwa miaka ya 1900 walowezi wakaupanda huku kwetu, Thika na Makuyu. Kahawa nayo ilikuwa imeingia Kenya mwaka huo huo wa 1893, wamisionari Wafaransa walipoipanda Bura, Taita. Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na kuanzia hapo mashamba ya kahawa yakashika udongo mwekundu wa juu, mkonge ukabaki kule chini kwenye ukame. Kwa hivyo kutotegemea zao moja kulikuwepo mapema sana. Kulikuwepo kwa mwenye shamba kubwa. Babu wa babu zetu wengi waliijua kahawa kwa debe: unachuna, unajaza, unahesabiwa.

Kwa nini hawakupanda yao? Kwa sababu walizuiwa. Hii sehemu huwa inarukwa kwenye mijadala. Hadi miaka ya 1930 Mwafrika hakuruhusiwa kulima kahawa nchini Kenya, na walipoanza kulegeza walianzia mbali, Kisii na Meru, kwa majaribio na chini ya masharti makali. Sisi tuliopakana na mashamba ya walowezi tuliwekwa mwisho wa foleni. Sababu zilizotolewa ni kwamba Waafrika wangesambaza magonjwa ya mimea, na kwamba kahawa ingeibwa usiku na kuuzwa kama ya kwao. Sababu ambayo haikusemwa kwa sauti kubwa ni kwamba mtu mwenye kahawa yake hatakuja kukuchunia yako.

Halafu ikaja 1954. Hali ya Hatari inaendelea, watu wamehamishiwa vijiji vya lazima, wengine wako kizuizini, na ofisa wa kilimo aitwaye Roger Swynnerton anaandika mpango wa kubadilisha kilimo cha Waafrika. Vipande vya ardhi viunganishwe, kila mtu apewe hati, aruhusiwe kupanda kahawa, chai na mananasi, afundishwe na maafisa. Ukiusoma leo unaweza kudhani ni manifesto ya juzi. Na usinielewe vibaya, mpango ule uliingiza pesa kweli. Nyumba nyingi za mabati na karo nyingi za miaka ya 60 na 70 huko Gatanga na Gatundu zilitoka kwa kahawa.

Lakini angalia ulivyotekelezwa. Ardhi iligawanywa upya wakati wanaume wengi wako kizuizini na hawawezi kutetea mipaka yao. Na hati ziliandikwa kwa majina ya wanaume. Shikilia hiyo ya hati, tutairudia.

Sasa Ruiru yenyewe. Wengi tunaijua kwa ploti na foleni, lakini kwa wataalamu wa kahawa duniani Ruiru ni jina kubwa, kwa sababu ya kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko pale. Mwaka 1968 mvua ilinyesha sana na ugonjwa unaoitwa CBD (sio ile ya Nairobi) ukaozesha matunda yakiwa bado kwenye mti. Dawa ya kuvu ilikuwa ghali na ulihitaji kupulizia mara nyingi kwa msimu. Watafiti wa Ruiru wakaingia kazini, na mwaka 1985 wakatoa aina mpya, Ruiru 11: inastahimili CBD na kutu ya majani, ni fupi kwa hivyo ekari moja inabeba miti mingi zaidi. Huo ndio usasa wa kilimo ninaouheshimu. Mbegu zake zilihitaji kuchavushwa kwa mkono, ua kwa ua, kwa hivyo hazikutosha, na wanaojua kuonja walilalamika kwamba haifikii SL28 ya zamani. Sawa. Bado ni kazi kubwa iliyofanywa na Wakenya, hapa, kwa shida ya mkulima wa hapa.

Na hapa ndipo historia inakuwa na ukatili. Msimu wa 1987/88 Kenya ilitoa karibu tani 130,000 za kahawa, kiwango ambacho hatujafikia tena. Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa unagawa kiasi ambacho kila nchi itauza ukavunjika, kila mtu akamwaga kahawa yake sokoni, na bei ikaanguka karibu nusu. Miaka minne tu baada ya Ruiru 11. Mti ulikuwa umetibiwa, bei ikaugua.

Mkulima mwenye akili timamu angefanya nini? Angepunguza kahawa apande kitu kingine. Yaani angefanya hasa kile anachohubiriwa leo. Shida ni kwamba sheria ya kahawa ya wakati ule ilimkataza kung'oa mti wa kahawa bila kibali. Serikali ilihitaji dola. Chakula chako kilikuwa shida yako.

Waliovunja sheria kwanza walikuwa wanawake. Maragua, juu kidogo ya Thika ukielekea Murang'a, walianza mwishoni mwa miaka ya 80 kupanda maharagwe katikati ya mistari ya kahawa, kitu ambacho maafisa hawakutaka kukiona. Baadaye wakaanza kung'oa miti yenyewe, mingine ikaishia jikoni kama kuni, wakapanda ndizi, mahindi na mboga za kuuza.

Kwa nini wao? Rudi kwenye ile hati. Shamba lina jina la mume, kwa hivyo mwanachama wa sosaiti ni mume, kwa hivyo malipo yanaenda kwa mume. Mke ndiye anapalilia, anachuna, anabeba cheri hadi kiwandani. Kilo sita au saba za cheri ndizo hutoa kilo moja ya kahawa safi, na pesa zinakuja miezi kadhaa baadaye, zikishakatwa na sosaiti, na msagaji, na wakala wa mnada. Bei ilipokuwa nzuri, kitu kidogo kilifika jikoni. Ilipoanguka, hakikufika kitu. Lakini ndizi na maharagwe mama anauza sokoni leo na pesa anashika leo. Wataalamu waliandika ripoti nyingi kuhusu kupunguza utegemezi wa kahawa. Wale akina mama walikuwa wameshaupunguza kwa jembe, bila kibali.

Hiyo ni sentensi ya kwanza. Ya pili, ya kuongeza thamani, nayo tuna mfano mkubwa mlangoni, kiasi kwamba hatuuoni tena.

Mananasi. Thika yalianza kutiwa mikebe tangu zama za ukoloni, na wakulima wadogo walikuwa sehemu ya mpango, si unakumbuka Swynnerton aliyataja. Miaka ya 1960 kampuni ya Kimarekani, ile tunayoijua leo kama Del Monte, ikaingia kiwandani na kuanzisha shamba lake kubwa. Kiwanda cha mikebe kinataka nanasi la ukubwa mmoja, kwa siku iliyopangwa, kwa wingi. Hilo ni rahisi kulipata kwenye shamba lako mwenyewe kuliko kwa wakulima elfu moja wenye robo ekari. Kufikia katikati ya miaka ya 70 wakulima wadogo walikuwa wameondolewa kwenye mnyororo huo. Kwa hivyo thamani iliongezwa, hapa hapa Thika, ajira zikaja, mauzo ya nje yakaja. Mkulima mdogo ndiye hakuwepo tena.

Makadamia ni hadithi inayofanana, ila sheria ndiyo iliyotumika. Miti ya kwanza ililetwa na mlowezi wa Thika mwaka 1946, na kufikia miaka ya 70 kulikuwa na kiwanda. Mwaka 2009 serikali ikapiga marufuku kuuza nje njugu ambazo hazijabanguliwa. Lengo lilieleweka: kazi ya kubangua ibaki Kenya, na kazi hiyo wengi wanaoifanya ni wanawake wa hapa. Ila ukimzuia mnunuzi wa nje, mkulima anabaki na wanunuzi wachache wa ndani. Soko la dunia lilipolegea mwaka 2023, bei ya shambani ilianguka vibaya mno, hadi serikali ikasimamisha marufuku hiyo kwa muda. Anayesema marufuku ni nzuri ana hoja. Anayesema inamuumiza mkulima ana hoja pia. Wanachozungumzia ni mifuko miwili tofauti.

Kuhusu kukaanga kahawa hapa hapa na kuiuza ikiwa tayari, nitasema kwa kifupi. Kahawa iliyokaangwa inapoteza ladha ndani ya wiki chache, na wakaangaji wakubwa wa Ulaya huchanganya za nchi kadhaa, kwa hivyo hupenda kukaanga karibu na mnywaji. Nchi yenye wanywaji wake wengi, kama Ethiopia, ina pa kuanzia. Sisi tunakunywa chai.

Wakati tukibishana, zao jipya kabisa likaota lenyewe. Barabara kuu ya Thika ilifunguliwa Novemba 2012. Sensa ya 2009 ilihesabu Ruiru watu karibu 240,000; ya 2019 ikahesabu zaidi ya 490,000. Tatu City yote, ekari 5,000, imesimama juu ya yaliyokuwa mashamba ya kahawa. Hamsini kwa mia, maji na stima karibu, hati iko tayari. Hakuna afisa wa kilimo aliyewahi kuja kumfundisha mtu kupanda ploti. Nchi nzima sasa hutoa kahawa tani elfu 50 hivi kwa mwaka, au hata pungufu, na ni rahisi kumlaumu mkulima kwamba ameuza urithi. Hebu pigeni hesabu ya miaka thelathini ya malipo ya sosaiti muone nani angebaki.

Cucu wangu ana shamba upande wa Gatanga. Miaka ya 90 aling'oa zaidi ya nusu ya kahawa, babu akiwa kazini Nairobi, na hadi leo hajawahi kueleza alimwambia nini aliporudi. Mingine aliiacha, kama miti arobaini hivi, pembeni ya ndizi, kisha akaongeza avokado nne. Desemba 2024 bei ya kahawa duniani ilivunja rekodi iliyowekwa 1977, na majirani waliong'oa yote wakaanza kuulizia miche tena. Mjomba naye ana mnunuzi wa kile kipande cha mbele, kilicho karibu na lami. Cucu amemwambia asubiri kwanza sosaiti itangaze malipo ya mwaka huu ndiyo waongee.