Sema Anaitwa Sema, Lakini Anaongea Kiingereza

Wasee, leo tuongee historia ya katuni. Mwaka wa 2010 ilitoka Tinga Tinga Tales. Katuni zilitengenezwa Nairobi, jina na michoro zikatokana na sanaa ya Mtanzania Edward Tingatinga. Zilikuwa ngano za wanyama, zile za kutuambia kwa nini fulani yuko vile alivyo.

Halafu tarehe 8 Machi 2021, Super Sema ikaingia YouTube, Lupita Nyong'o akiwa mmoja wa watayarishaji. Hapa sasa ni maisha ya mbele: Sema na pacha wake MB wanatumia sayansi kupambana na Tobor, roboti dikteta. Soma hilo jina kinyumenyume ucheke.

Miaka 11, tumetoka kwa wanyama hadi roboti. Hiyo ni hatua, siwezi kukataa.

Lakini angalia: shujaa anaitwa Sema, kijiji kinaitwa Dunia, na zote mbili zilitoka zikiongea Kiingereza. Hapa Isiolo, Mborana, Mturkana, Msomali, Msamburu na Mmeru wakikutana sokoni, bei inapatana kwa Kiswahili. Nikitazama Super Sema na binamu yangu wa miaka sita, mimi ndio mtafsiri. Nikimaliza kumweleza mzaha mmoja, Tobor ashafanya mwingine. Mtoto anacheka tu kwa sababu mimi nimecheka.

Sura zetu zishafika kwa skrini. Sasa tudai sauti.

Wewe, katuni gani ilikuchekesha kwa Kiswahili mara ya kwanza?