Tumbawe lisilotaka jua: jinsi ya kulilisha likaishi

Wiki tatu zilizopita, saa nne usiku, mpwa wangu alinitumia picha kutoka Sharjah. Anafanya kazi katika nyumba ya tajiri mmoja mwenye tangi kubwa la maji ya bahari sebuleni. Familia ilikuwa imesafiri mwezi mzima kukimbia joto, na tangi akaachiwa yeye. Ndani yake mna tumbawe la rangi ya chungwa ambalo mwenye nyumba analipenda kuliko samaki wake wote. Kwenye picha lilikuwa limefumba kama ngumi, na kingo zake zimeanza kuonyesha mfupa mweupe.

"Mjomba," akaniandikia, "hili lataka taa gani? Nimeliongezea mwangaza na bado lazidi kudhoofu. Wakirudi walikute limekufa, nitasema nini?"

Nikamjibu kwa kifupi: punguza taa, tafuta uduvi.

Kabla ya kurudi Mombasa nilifanya kazi miaka kadhaa Dubai, katika duka la samaki wa mapambo. Nilichojifunza kuhusu tumbawe hili nilikilipia kwa yale yaliyokufa mikononi mwangu. Vijana wetu wengi walioko Ghuba huachiwa matangi kama haya, pamoja na magari na bustani, bila ya maelezo yoyote. Kwa hivyo nimeona niyaandike hapa yale niliyomwambia mpwa wangu, huenda yakamfaa na mwingine.

Tumbawe ni mnyama

Sisi watu wa pwani tumelijua tumbawe kwanza kama jiwe. Kuta za Lamu na Gede zimejengwa kwalo. Lakini tumbawe lililo hai ni mnyama, au tuseme ni ukoo wa wanyama walioshikamana. Kila kitundu unachokiona ni mnyama mmoja mwenye mdomo, tumbo, na minyiri midogo kuzunguka mdomo, mfano wa minyiri ya pweza. Jiwe lililo chini yao ni mifupa waliyoijenga wenyewe.

Matumbawe mengi ya mwambani yana mpangaji. Ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenye nyumba sehemu kubwa. Ndiyo maana matumbawe hayo hukaa kwenye maji yenye mwangaza, na mfugaji huyawekea taa kali.

Hili la chungwa halina mpangaji wa kulilipa kodi. Jina lake la kitaalamu ni Tubastraea. Wafugaji huliita tumbawe la jua, kwa kuwa likifunguka kila mdomo hutoa duara la minyiri ya manjano kama miale. Jina hilo limewapoteza wengi. Baharini hukaa chini ya miamba iliyoinama, mapangoni, kwenye nguzo za gati na kwenye meli zilizozama, mahali penye kivuli na mkondo mzuri wa maji. Hufunguka zaidi usiku, wakati viumbe vidogo vinavyoelea baharini vinapopanda kutoka chini. Taa haliipi chakula hata chembe. Kila linachokula lazima likishike lenyewe kwa minyiri yake, na ndani ya tangi lazima mtu alipelekee.

Jamaa zake Dendrophyllia na Balanophyllia hufugwa kwa njia hiyo hiyo. Lile la matawi lenye rangi ya kijani iliyokoza mpaka kukaribia weusi, Tubastraea micranthus, ni gumu zaidi. Midomo yake ni midogo, nayo yataka chakula kidogo kidogo mara nyingi. Anayeanza asiliguse.

Njaa yake haipigi kelele

Ukilileta nyumbani leo usilipe chakula, halitakufa kesho. Litakaa miezi likila mwili wake lenyewe, na wewe utadhani ni zima kwa kuwa rangi bado ipo. Hapo ndipo watu hudanganyika.

Tazama dalili hizi. Tumbawe lenye afya lina nyama nene, imevimba kidogo, na inafunika mfupa wote kati ya mdomo na mdomo. Lenye njaa nyama yake hukonda, ikajivuta kuelekea kwenye vitundu, na mfupa ukabaki wazi katikati. Kuta nyembamba ndani ya vitundu huanza kuonekana kama mbavu. Baadaye mwani wa kijani huota juu ya mfupa ulio wazi. Ukifika hapo, umechelewa lakini hujakosa.

Mahali pa kuliweka

Liweke kwenye kivuli, chini ya jiwe lililoinama au kwenye kijipango. Mwanga wenyewe hauliui, ila huotesha mwani juu ya mifupa yake, na mwani huo hulibana. Maji yapite juu yake vizuri, yasilipige moja kwa moja kama bomba. Na liwe mahali ambapo mkono wako unafika kwa urahisi. Ukiliweka nyuma kabisa ya tangi kwa ajili ya urembo, siku ya tatu utachoka kulilisha.

Chakula chake

Chakula bora ni uduvi wadogo wa kugandishwa wanaouzwa madukani kwa ajili ya samaki wa mapambo, na artemia, wale wadudu wadogo wa maji ya chumvi. Usipovipata, kamba mbichi au ngisi mbichi aliyekatwakatwa mpaka ukubwa wa punje ya mchele au chini ya hapo atafaa. Mayai ya samaki pia hulipendeza.

Usilipe chakula kilichopikwa, chenye mafuta au chenye viungo. Na wale uduvi wakavu wa sokoni waache wabaki kwenye mchuzi, kwani mara nyingi wametiwa chumvi na vumbi halikosekani.

Kulisha hatua kwa hatua

1. Ngoja jioni, taa za tangi zikishafifia. Chagua saa moja na uishike hiyo hiyo kila siku. Baada ya wiki kadhaa tumbawe huizoea na hufunguka lenyewe.

2. Yeyusha chakula kwenye kikombe cha maji ya tangi. Chukua matone machache ya maji hayo yenye harufu uyatie karibu na tumbawe. Hii ndiyo hodi yako.

3. Ngoja robo saa mpaka nusu saa. Likianza kutoa minyiri, zima pampu za mkondo chakula kisichukuliwe na maji.

4. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano, au kijibomba cha plastiki cha kudondoshea dawa, weka kipande kimoja au viwili juu ya kila mdomo. Usisukume kwa nguvu. Chakula kidondoke juu ya minyiri, yenyewe itashika.

5. Lisha kila mdomo. Nyama yao imeungana, lakini usitegemee kwamba mmoja akila wote wameshiba.

6. Vikishamezwa, kwa kawaida ndani ya nusu saa, washa pampu na uondoe mabaki yote. Pampu usiisahau. Wapo waliolisha vizuri, wakaenda kulala, na asubuhi wakakuta samaki wamekufa kwa kukosa hewa.

Tumbawe zima lataka kulishwa hivi mara mbili au tatu kwa wiki, na hapo ndipo chini kabisa. Ukitaka likue na kuzaa, lisha kila siku kwa kiasi kidogo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hatashika jembe maisha yake yote.

Likikataa kufunguka

Lililokaa na njaa muda mrefu hukosa hata nguvu ya kufungua mdomo, na ukilimwagia vipande vikubwa vitaoza juu yake. Kwa lile la mpwa wangu nilimwelekeza hivi.

Kata chupa ya plastiki ya maji sehemu ya chini, uisafishe vizuri kwa maji matupu bila sabuni, kisha ulifunike tumbawe nayo, shingo ikielekea juu. Kupitia shingoni tia chakula chembamba kabisa, kama vitoto vya artemia vilivyoanguliwa karibuni au maji ya uduvi waliopondwa. Chupa huzuia samaki na hushika harufu karibu na tumbawe. Iache nusu saa, uiondoe, usafishe mabaki. Rudia kila usiku, hata kama huoni mdomo uliofunguka. Mara nyingi minyiri huanza kuchungulia baada ya siku kadhaa, na nyama kurudi huchukua wiki au miezi. Haba na haba.

Maji yasiharibike

Hapa ndipo ugumu wenyewe ulipo. Kila unachoweka ndani ya tangi kwa jina la chakula huacha uchafu, nao huongeza naitreti na fosfeti zinazootesha mwani na kudhuru viumbe wengine. Anayelisha sana lazima asafishe sana. Badilisha kama asilimia 10 ya maji kila wiki kwa maji mapya ya chumvi yaliyokorogwa sawasawa, na ile mashine ya kutoa povu isizimwe, kikombe chake kimwagwe kila kikijaa.

Joto liwe nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi, na chumvi kama gramu 35 kwa kilo moja ya maji, sawa na bahari. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji matamu yaliyochujwa, usiongeze ya chumvi, kwa sababu chumvi haikauki pamoja na maji. Na kwa kuwa tumbawe hili hujenga mfupa, kalisiamu isishuke chini ya miligramu 400 kwa lita.

Kwa walioko Ghuba naongeza jambo moja. Wenye nyumba wakisafiri, kiyoyozi huzimwa ili kupunguza bili. Chumba chenye tangi kisizimiwe kiyoyozi isipokuwa tangi lina mashine yake ya kupoza maji. Mwezi wa Julai na Agosti, siku moja yatosha kuua kila kilichomo.

Wezi na adui

Kamba na wale kaa wadogo wanaokaa ndani ya makombe ya konokono watakuja kuchomoa chakula mdomoni mwa tumbawe, tena huchana nyama yake. Walishe wao kwanza upande wa pili wa tangi.

Adui mkubwa zaidi ni konokono mdogo wa manjano, Epitonium billeeanum, ambaye chakula chake ni tumbawe hili hili, na rangi yake humficha. Usiku chukua tochi uchunguze chini na nyuma ya tumbawe. Ukimwona, au ukiona mafungu ya mayai ya manjano, toa yote kwa kibano.

Likishiba huzaa

Likilishwa vizuri, siku moja utaona vidoa vya chungwa kwenye kioo na mawe. Hao ni watoto wake. Ni furaha kubwa, lakini ni onyo pia. Huko Brazil tumbawe hili, ambalo si la kwao, lilionekana miaka ya 1980 kwenye mitambo ya mafuta baharini, na tangu hapo limeenea likiwabana wenyeji wa miamba ile. Usilitupe baharini wala usimwage huko maji ya tangi, hata kwa huruma.

Na sisi wenye bahari

Najua swali litakaloulizwa barazani: si hata huku kwetu liko? Ndiyo, wapiga mbizi wetu hukutana na matumbawe ya jamii hii kwenye vivuli vya miamba. Lakini kuvunja tumbawe ndani ya hifadhi za bahari, kama zile za Malindi na Watamu zilizotengwa mwaka 1968, ni kosa. Na matumbawe yote ya mawe yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, kwa hivyo hayavuki mpaka kihalali bila kibali. Kijana anayeambiwa na mnunuzi "nivunjie moja tu" ajue kwamba atakayekamatwa ni yeye. Kule baharini mkondo hulilisha usiku kucha bila malipo. Likitolewa, kazi yote hiyo inamwangukia mtu mmoja na kibomba chake.

Jana usiku mpwa wangu amenitumia picha nyingine. Midomo kumi na minne imefunguka, kati ya ishirini na sita. Upande mmoja mfupa bado uko wazi, na pengine nyama haitarudi pale. Amenionyesha kwa fahari, kisha akauliza: "Mjomba, na mimi nikija likizo nyumbani, nani atalilisha?"

Nimemwambia amuulize mwenye nyumba swali hilo hilo wiki ijayo atakaporudi. Alipaswa kujiuliza siku ile dukani, kabla ya kutoa pesa.