Kondakta wa Bombay: Johnny Walker na Lugha ya Mtaa katika Filamu za Kihindi, 1951–1997

Badruddin Jamaluddin Kazi, aliyejulikana katika filamu za Kihindi kwa jina la Johnny Walker, hakuwa mnywaji wa pombe. Jina hilo la wiski alipewa na mwongozaji Guru Dutt baada ya kuigiza ulevi mbele yake kwa ustadi mkubwa. Alizaliwa Indore mwaka 1926. Baba yake alipopoteza kazi katika kiwanda cha nguo, familia ilihamia Bombay, na kijana huyo akawa kondakta wa basi. Humo aliwachekesha abiria hadi akaonwa na Balraj Sahni, mwigizaji aliyekuwa akiandika filamu ya Baazi. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1951, naye Johnny Walker akiwamo.

Wanahistoria wa filamu humtaja kama mchekeshaji wa pembeni, rafiki wa shujaa. Makala haya yanamtazama kama chanzo cha historia ya lugha. Katiba ya India ya mwaka 1950 ilikifanya Kihindi katika hati ya Devanagari kuwa lugha rasmi ya Serikali Kuu. Kihindustani, lugha ya mazungumzo iliyokumbatia maneno ya asili ya Kisanskriti, Kiajemi na Kiarabu, kilikuwa kimekosa mlezi rasmi tangu nchi igawanywe mwaka 1947. Redio ya taifa ilielekea kwenye msamiati wa Kisanskriti. Mwaka 1952 Waziri B. V. Keskar alizibana nyimbo za filamu, na wasikilizaji wakahamia Radio Ceylon. Redio ya taifa ilianzisha idhaa ya burudani, Vividh Bharati, mwaka 1957. Ilichukua miaka mitano kukiri kwamba wasikilizaji wamekwenda kwa jirani!

Sinema haikungoja. Katika C.I.D. (1956) Johnny Walker ni mwizi mdogo wa mjini, na wimbo wake, kwa sauti ya Mohammed Rafi, unausimanga mji wenyewe. Mfano ulio mzito zaidi ni Pyaasa (1957). Shujaa wa filamu hiyo ni mshairi asiyethaminiwa. Johnny Walker ni Abdul Sattar, mkandaji wa vichwa anayenadi huduma yake kwa kuimba. Mashairi ya shujaa na mwito wa mkandaji yalitungwa na mtu mmoja, Sahir Ludhianvi. Kwa mtunzi huyo, lugha ya juu na lugha ya sokoni zilikuwa vyumba vya nyumba moja. Sidai kwamba mwigizaji alikusudia kupinga sera yoyote, alikuwa kazini.

Alipata tuzo ya Filmfare ya mwigizaji msaidizi kwa Madhumati (1958), na ya uchekeshaji kwa Shikar (1968). Baadaye alipunguza kazi, akilalamika kwamba vichekesho vimegeuka matusi. Alirejea katika Chachi 420 (1997), tena akiwa mlevi, na akafariki Mumbai mwaka 2003. Filamu zake hukadiriwa kufikia 300.

Filamu za Kihindi za kizazi chake zilijaza kumbi za Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, mbele ya watazamaji ambao wengi wao hawakujua Kihindi. Walifuata sura, mwendo na sauti. Bila shaka utani wa maneno uliwapita wengi. Sisi tunaoshauri kuhusu sera ya Kiswahili tuna hasara inayofanana na hiyo. Tukikusanya matini za utafiti, huanza na taarifa za habari, hotuba na vitabu vya kiada, na aghalabu huishia hapo. Vichekesho vya redio na filamu, ambamo kondakta, mchuuzi na mlinzi wa usiku husema Kiswahili chao, havina budi kuingia katika hazina hizo pamoja na tarehe, mahali na jina la mwigizaji, kabla kanda hazijaharibika.