Jino la Simba na Jino la Mwanafunzi

Msomaji, ukisafiri kwa reli kutoka Voi kwenda Nairobi, utavuka Mto Tsavo. Mahali hapo, katika mwaka wa 1898, wajenzi wa daraja la reli walitiwa hofu miezi mingi na simba wawili waliokula watu. Mhandisi J. H. Patterson alimwua simba wa kwanza tarehe 9 Desemba, na wa pili kabla ya mwaka kwisha. Baadaye alidai kuwa watu 135 waliuawa. Wataalamu waliochunguza mifupa na nywele za simba hao, katika mwaka wa 2009, walikadiria kuwa walioliwa walikuwa 35 hivi. Hata hesabu hiyo ndogo ni msiba mkubwa.

Mafuvu ya simba hao yamehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Field, mjini Chicago, Marekani. Fuvu la simba wa kwanza lina jambo la kustaajabisha: chonge lake la chini, upande wa kulia, limevunjika, na kwenye mzizi wake pana alama ya jipu. Simba hubana windo lake kwa meno, na mwenye jino bovu hawezi kupambana na nyati bila ya kuumia. Kwa hiyo wako wataalamu wanaoona kuwa maumivu ya jino yalimsukuma kutafuta windo jepesi, yaani mwanadamu. Hapana shaka sababu nyingine zilikuwapo, kama vile ugonjwa wa sotoka ulioangamiza ng'ombe na nyati wengi katika miaka ya 1890. Lakini jino lile lina fundisho kwetu. Simba hana mganga, wala hana ulimi wa kusema, "Naumwa." Mwanadamu anavyo vyote viwili.

Mganga alipatikanaje? Zamani, katika nchi nyingi, jino liling'olewa kwa nguvu huku mgonjwa ameshikwa mikono na miguu. Katika Desemba 1844 mganga wa meno wa Marekani, Horace Wells, aliona katika tamasha mtu aliyevuta hewa ya kuchekesha akijiumiza mguu bila ya kuhisi uchungu. Siku ya pili yake Wells aliivuta hewa ile mwenyewe, na mwenzake akamng'oa gego. Hakusikia maumivu. Mwezi uliofuata alikwenda Boston kuwaonyesha madaktari, lakini mgonjwa wake alipiga kelele, na watazamaji wakamzomea Wells kama mwongo. William Morton, aliyekuwa mwanafunzi wake, hakukata tamaa. Alitumia dawa ya etha kung'oa jino, na tarehe 16 Oktoba 1846 mgonjwa alipasuliwa mbele ya madaktari wa Boston akiwa usingizini. Miaka miwili baadaye, katika 1848, Johannes Rebmann alipita katika nchi ya Wataita na kuuona Mlima Kilimanjaro.

Etha ililaza mwili mzima, na watu walitamani dawa ya kufisha ganzi mahali pamoja tu. Katika mwaka wa 1884 Carl Koller wa Vienna alionyesha kuwa kokeini hutia ganzi jicho, na mwaka huo huo William Halsted wa New York aliitumia kutia ganzi mshipa wa fahamu wa taya. Lakini kokeini humteka mtumiaji, na Halsted mwenyewe alinaswa nayo. Ndipo wengine walipotafuta dawa salama zaidi, hata katika mwaka wa 1943 Nils Löfgren wa Uswidi akatengeneza lidokeini. Dawa hiyo hutumiwa hata leo.

Basi dawa ipo. Mbona bado watu huumia? Nitakueleza niliyoyaona. Katika shule niliyofundisha, huko kwenye vilima vya Taita, palikuwa na kijana wa miaka kumi na minane aliyeacha kula pure. Wenzake walidhani anaringa. Siku ya nne shavu lilikuwa limevimba, na kinywa hakikufunguka zaidi ya upana wa kidole. Nilipomwuliza alijibu, "Mwalimu, si kitu. Mitihani ikaribu. Tena nyanya atasema mwanamume halilii jino."

Tulimpeleka kwa nyanyake kwanza. Yule mzee alimtazama, akasema, "Mjukuu wangu, mimi sikusema hivyo kwa jino lililooza. Nendeni." Tukashuka kwa matatu kutoka Wundanyi, kupitia Mwatate, hata Voi. Picha ya taya ilionyesha kuwa gego lake la mwisho, lile liotalo ukubwani, lilikuwa limelala ubavu kwa kukosa nafasi, na ufizi uliolifunika umetunga usaha. Mganga alisema kuwa si kila gego la mwisho lazima ling'olewe, ila hilo halikuwa na budi. Alitibu usaha kwanza. Juma lililofuata alimtia ganzi kijana na kuling'oa. Mimi nilikaa karibu. Kijana hakulia, alinishika mkono tu, akaubana sana.

Ikiwa siku moja utamwuguza ndugu yako, yakumbuke haya. Aiume shashi aliyowekewa kwa muda alioambiwa. Asiteme mate kwa nguvu, asifyonze kwa mrija, wala asivute sigara, maana bonge la damu lililo shimoni ndilo kifuniko cha kidonda. Likitoka, mfupa hubaki wazi na maumivu huwa makali. Asile kabla ganzi haijaisha, asije akauma mdomo wake mwenyewe. Mpe uji uliopoa na viazi vilivyopondwa. Baada ya siku moja asukutue polepole kwa maji vuguvugu yenye chumvi. Uvimbe huzidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua, usiogope. Lakini damu isipokoma, homa ikipanda, kumeza kukiwa kugumu, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, mrudishe hospitali upesi, kwani usaha wa jino waweza kushuka shingoni na kuziba pumzi.

Kijana yule alirudi darasani baada ya siku tano, na mitihani akaifanya. Mganga alituambia kuwa angalichelewa siku chache zaidi, huenda tungalikuwa tunasimulia habari nyingine.

Wazee walisema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Wells alizomewa, Halsted aliharibikiwa, na wengi walifanya kazi miaka mia ili wewe usiumie. Lakini kazi yao yote haiwezi kukufikia mpaka utamke neno moja. Simba wa Tsavo alinyamaza kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Wewe unyamazaye, msomaji, una sababu gani?