Bwawa la Udongo na Dhamana ya Mwenye Kulimiliki

Qur'ani Tukufu (Sura ya 34, aya ya 15 hadi 19) imetueleza habari za watu wa Sabaa, bustani zao na mafuriko yaliyoziangamiza. Wanahistoria wanasema bwawa lao la Maarib, huko Yemen, lilikuwa tuta la udongo lenye milango ya mawe, na lilivunjika na kukarabatiwa zaidi ya mara moja. Abraha aliacha maandishi juu ya ukarabati wa mwaka 548 hivi. Tuta la udongo, basi, hudumu kwa kuangaliwa.

Bwawa lile lilikuwa la dola. Sisi tunakusudia mabwawa madogo ya mashambani, yenye mwenyewe. Wengi hudhani kuwa udogo wake ndio usalama wake, lakini historia inakanusha. Tarehe 6 Novemba 1977, huko Toccoa, Georgia, nchini Marekani, bwawa la udongo la Kelly Barnes, mali ya chuo binafsi, lenye kimo cha mita 12 hivi, lilibomoka baada ya mvua kubwa likaua watu 39. Usiku wa 9 Mei 2018, bwawa la shamba binafsi huko Solai, Nakuru, nchini Kenya, lilipasuka na kuua watu wasiopungua 47, watoto wakiwa miongoni mwao.

Tuta huvunjika zaidi kwa njia mbili: maji kupita juu yake, pale njia ya kutolea maji ya ziada inapokuwa nyembamba au imeziba; au maji kupenya ndani yake, kwa kufuata shimo la mnyama, mzizi uliooza au kando ya bomba, yakichukua udongo kidogo kidogo.

Wataalamu hupanga mabwawa katika madaraja ya hatari: ya chini, ya kati na ya juu. Daraja hilo halielezi uzima wa tuta, bali madhara yatakayotokea likivunjika. Likitarajiwa kuua watu, ni la daraja la juu hata kama tuta ni imara. Kwa hiyo bwawa lililochimbwa juu ya malisho matupu hupanda daraja siku watu wanapojenga na kulala chini yake, ingawa tuta halikubadilika.

Je, sharia inasemaje? Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kudhuru na kulipiza dhara kwa dhara, kama alivyopokea Ibn Majah. Mafakihi wa Kishafii wamezungumzia mtu aliyemwagilia shamba lake, maji yakatoka kwa shimo la panya yakaharibu mazao ya jirani. Wamesema hana dhamana, isipokuwa amemwagilia kupita kawaida, au alilijua lile shimo asichukue tahadhari. Nao Wahanafi wamesema kuwa mwenye ukuta ulioinama, akitakiwa auondoe mbele ya mashahidi, naye akapata muda asiuondoe, hulipa utakachoharibu.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi hukumu inavyozunguka juu ya kujua. Ukaguzi na daraja la hatari ndivyo vinavyomjulisha mwenye bwawa. Barua ya mkaguzi, kwa maoni yetu, inashabihiana na lile onyo la mwenye ukuta. Na anayekwepa ukaguzi ili asijue, huku amezuia maji juu ya vichwa vya watu, hatuoni kuwa ujinga wa kujitakia utamwokoa mbele ya Mola wake.

Kwa hiyo tunawausia maimamu walio karibu na mabwawa ya namna hii wawakumbushe wenyewe kabla ya masika: wafyeke vichaka, wazibe mashimo, wafungue njia ya maji, wamwite mhandisi, na waulize ni nani wanaolala bondeni. Kuilinda nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia, na jirani ana haki.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.