Mguu wa Mshambuliaji

Wapenzi wa kandanda humkumbuka Just Fontaine, mzaliwa wa Marrakech, kwa mabao 13. Aliyafunga katika mechi sita tu, akiichezea Ufaransa kwenye Kombe la Dunia la 1958 kule Uswidi, tena kwa viatu vya kuazima. Hakuna mwingine aliyefikia idadi hiyo katika mashindano ya mwaka mmoja.

Lakini mguu ule ulivunjika mwaka 1960, ukavunjika tena 1961. Mwaka 1962 akaacha kucheza. Alikuwa na miaka 28.

Mimi namheshimu zaidi kwa jambo jingine. Siku zile mchezaji wa kulipwa huko Ufaransa alikuwa mali ya klabu yake mpaka atimize miaka 35. Auzwe au abaki, hakuulizwa. Mwaka 1961 Fontaine, pamoja na Eugène N'Jo Léa, mshambuliaji mwenzake kutoka Kameruni, waliongoza kuanzisha chama cha wachezaji, naye akawa mwenyekiti wa kwanza. Mikataba ya muda maalumu ilipatikana 1969, yeye akiwa ameshatundika viatu.

Alifariki mwaka 2023. Apandaye mnazi, ndugu msomaji, si lazima anywe madafu yake.